Yaya Mkubwa na Njia za Msituni

Yaya Mkubwa hakuwa na salamu ya asubuhi. Alikuwa na swali: "Wote wameamka?" Ukimjibu ndiyo, aliuliza la pili: "Umewaona kwa macho yako, ama umesikia tu sauti?" Ukishasema umewaona, ndipo alipovuta kiti na kumimina chai.

Nilimkuta katika nyumba ile nilipofika Doha, miaka ambayo minara ya West Bay ilikuwa bado inapanda na Lusail ilikuwa mchanga na malori tu. Tulilala chumba kimoja cha nje, nyuma ya jumba la Waqatari wawili tuliowaita Baba na Madam. Walikuwa na watoto watatu: Mariam, Khalid, na Hessa aliyekuwa bado ananyonya chupa. Watoto walimwita mwenzangu Yaya. Mpishi wetu, Mfilipino, naye alimwita Yaya, maana kwao pia mlezi wa watoto anaitwa hivyohivyo. Nilipoongezwa mimi ikabidi tutofautishwe, naye akawa Yaya Mkubwa. Mimi nilimwita Anti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye alikuwa ameshapita hamsini, na mtu wa umri wake kwetu Kenya huwezi kumwita vinginevyo.

Kila kitu kilimtia wasiwasi. Zabibu za watoto alizikata vipande vinne. Kwenye lifti aliingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, mkono wake ukiwa umezuia mlango hadi mtoto wa mwisho apite. Watoto walipoogelea, alikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa bwawa, kanga imekazwa kiunoni, viatu amevivua. Siku moja nikamuuliza, "Anti, kwani unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Sasa mtoto akizama utafanya nini?"

"Nitaruka," akasema, bila kuondoa macho majini. "Hayo mengine tutajua tukiwa ndani."

Lakini mtu huyohuyo hakuogopa binadamu. Nilimwona akisimama mbele ya gari la Baba, limeshawashwa, kwa sababu Khalid alikuwa amepakatwa kwenye usukani. "Baba, hapana," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni. "Mtoto nyuma. Mkanda." Mimi niliyekuwa mlangoni nilishika kitasa kwa mikono miwili. Baba alimtazama, akacheka, akamrudisha mtoto nyuma. Na alipenda mieleka ya televisheni kuliko kitu chochote. Mtu aliyekata zabibu vipande vinne aliweza kupiga kelele kwa furaha akiona jibaba linarushwa nje ya kamba.

Kila kiangazi, joto la Doha lilipofika pale ambapo huwezi kushika kitasa cha gari, familia ilihamia Uingereza kwa wiki sita, nasi tukahama nayo. Baba alikuwa na shughuli London. Madam alikuwa amesoma huko akiwa msichana, na alikuwa na imani moja isiyotikisika: kwamba mtoto aliyelelewa ndani ya kiyoyozi lazima atembezwe msituni. Walikodi nyumba ya mawe nje ya kijiji fulani, na Madam alikuwa na kijitabu cha matembezi ya msituni yanayofaa familia. Alimkabidhi Yaya Mkubwa kijitabu hicho. Njia moja kila siku mvua isiponyesha, na ikinyesha kidogo, twende hivyohivyo.

Yaya Mkubwa hakusoma Kiingereza vizuri, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kumsomea, tukiwa bado Doha, wiki nyingi kabla ya safari. Tulikaa kitandani kwake, yeye akiwa na shati la mtoto na sindano mkononi.

"Soma."

"Njia ya mishale ya kijani. Kilomita mbili. Inafaa watoto wadogo na vigari vya kusukuma. Choo kipo. Mkahawa wa chai upo. Mtavuka kijito kidogo."

"Kina chake kiasi gani?"

"Hawajasema, Anti."

"Kwa nini hawajasema?"

Alinirudisha kwenye sentensi hiyo mara tatu, kama vile kina kingejitokeza nikisoma polepole. Kisha aliuliza kuhusu ng'ombe, nyoka, wawindaji, na kama miti ya huko huanguka ovyo. Yeye alikulia kando ya msitu mkubwa magharibi ya Kenya, na kwake msituni mtu aliingia kwa sababu: kuni, dawa, mbuzi aliyepotea. Ukishapata ulichofuata unatoka mbio kabla askari wa misitu hajakukuta.

"Na hawa Wazungu wanafuata nini?"

"Wanatembea tu."

"Wakifika?"

"Wanarudi, Anti. Njia inazunguka, inawarudisha kwenye magari."

Alitikisa kichwa. Lakini kazi ni kazi. Kwa kuwa binamu wanne walijiunga nasi kila kiangazi, watoto walikuwa saba, na saba hawaendi msituni bila mazoezi. Nje ya nyumba palikuwa pakali kama tanuri, basi aliwafanyisha mazoezi ndani ya jumba la maduka. Alikuwa na kamba ya pamba aliyoifunga mafundo saba, kila mtoto fundo lake, yeye mbele na mimi mkiani. Alipita nao mbele ya maduka ya manukato na saa, akisimama ghafla na kuita, "Wangapi?" Mimi nilipaswa kugusa kila kichwa kabla ya kujibu. Si kutazama, kugusa.

Walinzi wa pale wengi walikuwa vijana wa kwetu. Mmoja alitusindikiza kwa macho, akashindwa kujizuia.

"Mathe, hawa watoi unawapeleka jeshi ama?"

"Nawapeleka Uingereza," akamjibu. "Wewe shika mlango."

Kijana akashika mlango.

Nitasema ukweli, siku ya kwanza msituni mimi ndiye niliyeogopa zaidi. Palikuwa kimya, kijani kimefunika mpaka juu, na ardhi ilikuwa laini, inazama kidogo ukikanyaga. Tulikuwa na gambuti mpya miguuni sote tisa. Mbwa wakubwa walikuja mbio bila mnyororo, na wenyewe wakipiga kelele kutoka mbali kwamba ni wapole. Watoto wetu walikuwa wamefundishwa kutoguswa na mbwa, wakalia. Yaya Mkubwa alifungua mwavuli wake kama ngao akasimama mbele ya kamba nzima. Mbwa wakamshangaa, wakageuka. Tangu siku hiyo mwavuli haukubaki nyumbani, jua liwake lisiwake.

Siku nyingine Mariam aliangukia majani yanayowasha, mikono ikavimba vipele. Bibi mmoja wa Kiingereza, mzee mwenye fimbo, alichuma jani pana lililoota papo hapo kando, akaonyesha kwa ishara tulisugue mahali penye vipele. Yaya Mkubwa hakumruhusu mpaka alipolisugua kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, akangoja kwa muda kama daktari. Kisha wanawake wale wawili, wasioelewana neno hata moja, wakakaa kwenye benchi wakimsugua mtoto, kila mmoja mkono wake.

Nilikuja kugundua jambo ambalo hakulisema. Alikuwa anaifurahia misitu ile. Niliona tukifika mahali palipo wazi na salama, watoto wote wameketi wanakula sandwichi, anaweka kiganja kwenye gome la mti mkubwa na kufumba macho. Si zaidi ya pumzi mbili. Kisha anafumbua na kuita, "Wangapi?" Nilimkuta pia akiwafundisha watoto kuvunja kijiti kikavu na kukinusa, akiwaambia kwa Kiarabu chake kwamba mti una jasho lake. Tukirudi Doha alikuwa akiuliza, katikati ya Januari, bila sababu, "Unafikiri yale majani yameshaota tena?"

Sasa nifike kwenye kiangazi changu cha tatu.

Hessa alikuwa na miaka minne. Tulikuwa kwenye njia ya mishale ya kijani, ile rahisi kuliko zote, mahali iliponyooka kama barabara. Tulikuwa tumemaliza kula mahali palipo wazi. Watoto walikuwa wameachia kamba, wanazungukazunguka, na familia nyingine zilikuwa pale pia, na vigari na mipira yao. Mimi nilikuwa na simu mpya. Nilitaka picha moja tu nikiwa kati ya miti ile, ya kuwatumia wasichana niliosoma nao, waone nilipofika. Kila nilipojipiga, uso ulitoka mweusi na majani yakatoka meupe. Nikawa nageukageuka kutafuta mwanga.

Nikamsikia Anti kutoka mbele, "Haya, kamba! Wangapi?"

"Saba!" nikaitikia. Sikugeuka. Sikugusa kichwa hata kimoja.

Tukaondoka. Labda hatua hamsini, akasimama na kugeuka, akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena. Nikaona midomo yake inafika sita na kubaki wazi.

"Hessa."

Sijawahi kusikia jina likiitwa hivyo. Alikimbia kurudi nyuma, mwavuli ukaanguka. Mahali tulipokula palikuwa na makombo tu. Aliniamuru nikae na wale sita na nisiinue mguu, naye akaingia kati ya miti akiita, sauti ikienda mbali, ikirudi, ikienda tena. Mariam alianza kulia. Khalid aliniuliza kama dada yake amekufa. Nilimwambia anyamaze, kisha nikamkumbatia kwa sababu nilikuwa nimemwambia vibaya. Nilifikiria pasipoti zetu zilizokuwa kwenye kabati la Baba. Nilifikiria kijito kile ambacho hawakuandika kina chake. Nilimwomba Mungu mambo ambayo hata kuyaandika naona aibu.

Ilipita karibu saa nzima. Kisha akatokea baba mmoja wa Kiingereza, mtoto wake kabebwa mabegani, na mkononi amemshika Hessa. Hessa alikuwa amefuata kigari cha familia yao mpaka kwenye maegesho, akidhani ni sisi. Mguu mmoja hauna gambuti, mdomo umejaa biskuti. Yaya Mkubwa alitoka upande mwingine wa msitu, nguo imechanika begani na uso una mikwaruzo. Hakumpigia kelele mtoto. Alipiga magoti akamshika kichwa, masikio, mabega, vidole, kimoja kimoja.

Watoto wangesahau. Hakuna mkubwa wa nyumbani aliyeona. Nikamwambia njiani, kwa sauti ya chini, "Anti, si amepatikana? Tunyamaze."

Tulipofika nyumbani alichukua simu ya sebuleni akampigia Madam, aliyekuwa London na Baba. Nilisimama mlangoni nikisubiri jina langu. Sikulisikia. Alisema, "Madam, nimempoteza Hessa msituni. Amerudi, ni mzima. Alikuwepo, tukaondoka naye, akanitoka mbele ya macho yangu. Kosa ni langu."

Nilidhani amenikinga. Jioni hiyo nilimfulia nguo zake, nikamshonea lile bega lililochanika, na kila siku baadaye nilimpikia uji kabla hajauliza. Hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani yangu. Kulisema kosa lenyewe kwa mdomo, hapana.

Madam hakuwa mtu mbaya. Hakumrudisha Kenya. Ila kiangazi kilichofuata alimwambia apumzike, abaki Doha kulinda nyumba. Na kilichofuata tena. Mimi ndiye niliyepewa kijitabu. Mimi ndiye niliyetembea mbele ya kamba, na msichana mwingine akawekwa mkiani. Kila tuliporudi Yaya Mkubwa alinisubiri getini kwenye joto lile, na kabla sijateremsha mizigo aliniuliza tulipita njia zipi, na kama matope yalikuwa mengi. Nilimsimulia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwao.

Kuna jambo lingine nililoliona na sikutaka kulielewa. Baada ya kiangazi kile aliomba apelekwe kupimwa macho, nikampeleka mimi. Tukarudi na jibu kwamba macho ni mazima. Nilimwambia, "Si vizuri hivyo, Anti?" Alikunja ile karatasi mara nne na kusema, "Kama si macho, basi ni kichwa." Nikacheka, nikidhani ni utani. Tangu hapo aliacha kuhesabu kwa sauti. Aliwahesabu watoto kimya, mara nyingi mno, midomo ikitembea, na akimaliza aliniuliza mimi jibu, na kulichukua langu akaacha lake.

Watoto walipokua, alihamishiwa kwa dadake Madam, akawa anasaidia jikoni, hana mtoto wa kuangalia. Mimi baadaye nikapata kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli West Bay. Nilikuwa na namba yake. Kwa miaka mitatu nilimtumia salamu za Krismasi na za Pasaka, naye akajibu kila mara: "Amina. Wote wazima?"

Nilimwona tena Ijumaa moja, siku yetu ya ibada huko, pale Mesaimeer kwenye makanisa. Lusail kulikuwa kumeshakuwa na majumba na barabara, na viwanja vya mpira vilikuwa vinajengwa kila upande. Ibada ya Kiswahili ilikuwa imekwisha, watu wamejaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wakisubiri mabasi. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, amekonda, gauni lake la kitenge limemzidi. Tulikumbatiana. Nilikaa kando yake. Tulizungumza habari za Mariam, kwamba sasa amemaliza shule.

Akaja mama mmoja kijana, nesi wa kutoka Kisumu niliyemfahamu kwa sura, amebeba mtoto wa miezi michache. "Mama, nisaidie kumshika kidogo tu, niende msalani."

Yaya Mkubwa alirudisha mikono yake nyuma, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha moto.

"Mpe huyu," akasema, akinionyesha mimi. "Mimi sishiki watoto wa watu. Kichwa changu kinawaacha."

Yule mama alicheka kwa kutoelewa. Alikuwa bado amesimama pale, mtoto begani, nami nikasikia maneno yakinitoka bila kupangwa.

"Anti, siku ile ya Hessa. Uliniuliza wangapi, nikasema saba."

"Nakumbuka." Hakunitazama. "Hiyo ndiyo inanishinda. Ulisema saba, kwa hiyo alikuwepo. Njia ilikuwa wazi, imenyooka, hatua hamsini. Alinipitaje? Miaka yote hii narudi pale, natembea zile hatua, na sioni alipotokea."

"Hakukupita. Alikuwa ameshaondoka kabla hatujaanza kutembea. Mimi sikuhesabu."

Akageuka.

"Ulisema saba."

"Nilisema tu. Nilikuwa najipiga picha. Sikugeuka hata kutazama."

Kelele za watu zilikuwa nyingi, mabasi yanapiga honi, mtu anauza kadi za simu. Yeye alinitazama muda mrefu, na nikaona uso wake ukienda mahali na kurudi, kama mtu anayepita tena njia aliyoijua, safari hii akiwa na mtu wa kumwonyesha.

"Kwa hiyo walikuwa sita," akasema.

"Sita, Anti."

"Nilipogeuka, nikahesabu sita. Nikahesabu tena, sita."

"Ulihesabu sawa."

Alikunja upindo wa gauni lake gotini, akaukunjua.

"Ulinipeleka kliniki ya macho," akasema. "Ulikaa na mimi kwenye foleni."

Nilianza kusema samahani, nikaisema vibaya, nikaisema tena. Alininyamazisha kwa kiganja. Kisha alisimama, akamwendea yule nesi aliyekuwa ameshaanza kutafuta mtu mwingine.

"Lete," alisema. "Lete huyo mtoto. Nenda salama, usikimbie."

Alimpokea kwa mikono miwili. Alimweka kifuani, akarekebisha kofia yake jua lisimpige, akaanza kutembea polepole kwenye kile kivuli, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye nguzo. Nilisimama nikimtazama. Dereva wa basi la hoteli aliita jina langu, akaita tena. Nilimfuata hadi karibu.

"Anti, naondoka. Umenisamehe?"

Hakusimama. "Sijui," akasema, macho yake yakiwa kwa mtoto. "Nitafikiria, nikupigie. Usiniongeleshe sasa, nimeshika mtoto wa watu."